Mteja Wangu Ni Mke Wangu

Aliyeanza kunisoma leo asihofu, yote yaliyopita yanaenea katika pumzi moja. Mimi ni mchora nembo. Watu huniita Penseli kwa sababu sikosi moja nyuma ya sikio, hata msibani. Mwenzangu niliyefungua naye karakana aliondoka na wateja wote wakubwa. Kisha mke wangu akafunga begi, akahamia kwa mdogo wake. Nikabaki na meza mbili, kiti cha mteja kisicho na mteja, na simu isiyolia. Siku ilipolia, alikuwa shemeji yangu, huyo huyo mdogo wake. Akasema kuna mtu anafungua huduma ya afya na ustawi, anataka nembo, atakuja kesho asubuhi, na nisivae lile shati.

Nikavaa shati jingine. Mlango ukafunguliwa, mteja akaingia, na mteja alikuwa mke wangu.

"Karibu," nilisema. Ndilo neno pekee lililokuwa karibu na ulimi.

"Asante."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo. Na mapazia ya dirisha lile alishona yeye.

"Shemeji hakuniambia ni wewe."

"Nilimkataza. Ungekataa."

"Nisingekataa."

"Basi ungekubali haraka mno. Ungesema nenda nyumbani, nitakuchorea, nitakutumia kwenye simu. Sitaki hivyo. Nataka unihudumie kama wengine. Yale maswali unayowauliza wateja wako, niulize na mimi."

"Maswali yangu unayajua."

"Nayajua. Nilikuwa nayasikia nikiwa jikoni, wewe uko sebuleni kwenye simu. Saa nzima unamuuliza mwuza sabuni anaogopa nini maishani. Nikawa najisemea, huyu mwuza sabuni ana bahati."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kushika.

Nikatoa penseli nyuma ya sikio, nikavuta karatasi. Nikaanza na swali la kwanza, kama ninavyoanza na kila mtu.

"Kazi yako ni nini?"

"Nilikuwa muuguzi. Unajua."

"Mteja huwa hasemi 'unajua'."

Akatabasamu kidogo, akakaa vizuri. "Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi. Nikaacha. Sasa nawafuata watu majumbani. Yule ambaye daktari amemaliza naye, lakini yeye mwenyewe hajamaliza. Natazama anavyolala, anavyokula, dawa zake anazimeza au anazificha chini ya godoro. Natembea naye jioni kidogo. Namfundisha kupumua taratibu. Akitaka kuongea, nasikiliza. Akiumwa kweli, namrudisha kwa daktari."

"Watu wanaiitaje kazi hiyo?"

"Wengine kocha wa afya. Wengine mshauri wa ustawi. Jirani yetu mmoja pale kwa mdogo wangu ananiita dada wa kupumua."

Nikacheka bila kutaka. Naye akacheka. Kisha kila mtu akaona haya kwa sababu yake.

"Mteja wako ni nani hasa?" nikauliza. "Mmoja tu. Nielezee mmoja."

Akatazama dirishani. "Ni mtu aliyetoka hospitali akaambiwa amepona. Kidonda kimefunga, nyuzi zimetolewa. Anaishi na watu wanaompenda. Lakini hakuna anayemuuliza umelalaje. Wanamuuliza pasi iko wapi."

Penseli ikasimama.

"Andika," akasema. "Mwuza sabuni uliandika yote."

Nikaandika. Aliniacha nimalize, halafu akainamia meza.

"Nikuonye mapema. Sitaki jani."

"Nani kasema jani?"

"Mkono wako."

Nikatazama chini. Pembezoni mwa karatasi, bila idhini yangu, nilikuwa nimechora jani. Katika kazi hii sijapata kumwona mtu wa afya aliyeondoka mikono mitupu bila jani. Anayekataa jani anataka viganja viwili vimeshika moyo. Anayekataa viganja anataka mtu ameinua mikono juu, kama anaibiwa. Nilimwambia hivyo. Mke wangu akacheka mpaka akafuta jicho kwa kidole, na mimi nikahesabia hiyo kuwa malipo yangu.

"Jina la huduma?"

"Tua."

"Tua nini?"

"Tua basi. Ukimkuta mtu ana mzigo kichwani umemzidi, shingo inatetemeka, humpi pole kwanza. Unamwambia tua. Maneno mengine baadaye."

Nililiandika jina lile kwa herufi kubwa. Nikaliandika tena kwa herufi ndogo. Herufi tatu tu. Nilitamani ziwe nyingi, kazi ichelewe kwisha.

"Nirudi lini?" akauliza, ameshasimama.

"Wiki ijayo. Nitakuwa na michoro."

"Na utanitoza kama wengine."

"Nitakutoza."

Akatoka. Nilimtazama kupitia kioo akivuka barabara, mkoba kwapani, akingoja pikipiki ipite. Nikajiuliza ni mara ya mwisho lini nilimtazama akivuka barabara. Sikukumbuka.

Wiki ile nilichora kama mtu aliyerudishiwa mkono. Nilichora mlango uliofunguka nusu, nikautupa. Nilichora kiti, nikakitupa, kilifanana na tangazo la duka la samani. Shemeji alipiga simu katikati ya wiki.

"Shemeji, mnaongea nini huko? Dada karudi macho mekundu."

"Tunaongea nembo."

"Basi endeleeni na hiyo nembo. Leo amekula sahani nzima."

Nilitaka kumuuliza kitu kingine, kitu cha siku nyingi kilichokuwa kimenikaa kooni. Lakini alikuwa kazini, akakata.

Mke wangu aliporudi nilimpangia michoro mitatu mezani, kama kawaida yangu. Wa kwanza akautazama, akausogeza kando. Wa pili akasema ni mzuri kwa duka la dawa. Wa tatu ndio niliokuwa nautegemea. Ulikuwa mstari mmoja uliopinda chini kama kitambaa kilichopokea kitu, na ndani yake duara dogo. Mzigo umetuliwa, umepokelewa. Nilikuwa nimeupaka rangi nyepesi, nimeujaribu mdogo na mkubwa. Nilikuwa najivunia, nisiseme uongo.

Aliutazama kwa muda mrefu sana. Mashine ya kuchapisha ikalia, ikanyamaza.

"Umemchora," akasema.

"Nimemchora nani?"

"Penseli."

Alisema jina langu tu. Nikauzungusha ule mchoro unielekee, na hapo nikaona kazi ya mkono wangu. Kilikuwa kitanda cha mtoto, kinaonekana kwa ubavu. Lile duara lilikuwa kichwa.

"Sikukusudia."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua. Kwa wengine niseme mara moja, sitaweza kusema mara mbili. Tulipata mtoto wa kike. Alizaliwa ameshakwenda. Muda wake ulikuwa umetimia, jina lilikuwa limechaguliwa, begi la hospitali lilikuwa limefungwa. Tulirudi nyumbani na begi lile lile, nguo zimekunjwa vile vile.

Mke wangu aliukunja ule mchoro mara mbili, taratibu. "Mteja wangu akija," akasema, "asikute kaburi langu mlangoni."

"Nitachora mwingine."

"Subiri." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Wewe ulimwona."

Nikaiweka penseli chini.

"Mimi nilikuwa nimelazwa usingizi, wananishona. Nilipoamka walikuwa wamemwondoa. Wewe ulimwona. Mama alimwona. Yule mkunga alimwona. Ni mimi tu ambaye sikumwona."

"Nilimwona."

"Alikuwa anafanana na nani?"

Nimechora nembo za benki na za bucha. Nimesimama mbele ya wakurugenzi kumi wenye sura za kukataa. Sijawahi kuulizwa swali zito namna ile.

"Na wewe," nikasema. "Kidevu hiki. Na nywele. Alikuwa na nywele nyingi, zimelala upande mmoja kama mtu aliyetoka kuamka."

Akaweka kiganja mdomoni. Alilia bila sauti, mabega tu. Nikazunguka meza nikapiga magoti pembeni ya kile kiti cha wateja, sikujua kama naruhusiwa kumgusa. Nikashika mguu wa kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nilikuwa nangoja useme."

"Nami nilikuwa nangoja uulize. Nilidhani ukiuliza ndiyo utakuwa tayari. Sikutaka kukuumiza kabla ya hapo."

"Zaidi ya pale ungeniumiza vipi?"

Mtu alikuja kutaka kuchapisha kadi za harusi, akatuchungulia kupitia kioo, akaondoka zake kwa adabu.

"Nichoree," mke wangu akasema.

"Nembo?"

"Yeye."

Sikuwahi kumchora. Mchana wowote ule, kwa karatasi yoyote, mkono ulikuwa ukikataa. Siku ile ulikubali. Nilianza na nywele kwa sababu ndizo nilizozikumbuka bila shida. Kisha kidevu. Kisha macho, yaliyokuwa yamefumba. Pua nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Mke wangu alikuwa amesogeza kiti upande wangu, pumzi yake naisikia begani. Hakuniharakisha. Nilipofika mdomoni akasema polepole, "Huo ni wa mama yako," na ulikuwa kweli wa mama yangu, na mimi mwenyewe sikuwa nimelijua hilo hadi aliposema.

Aliichukua karatasi ile akaitia kati ya kurasa za gazeti isikunjike, akaondoka bila kuaga. Nilibaki nimekaa kwenye kiti chake mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akaja kuniuliza kama naumwa.

Siku iliyofuata asubuhi nikaipata nembo. Sikuitafuta. Nilikuwa nanoa penseli.

Mstari mmoja umesimama wima, mtu huyo. Pembeni ya miguu yake, juu ya ardhi, duara lililobonyea kidogo upande wa chini, kama mzigo uliowekwa sasa hivi. Chini yake, kwa herufi ndogo, tua. Kichwani kwake hakuna kitu. Nafasi ile tupu juu ya kichwa ndiyo niliyoihangaikia kuliko mistari yenyewe. Niliipandisha, nikaishusha, mpaka ukiitazama shingo yako mwenyewe inanyooka.

Nikampigia. Hakungoja siku ya miadi. Alifika mchana, amebeba chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, akaweka mezani kana kwamba ameleta barua.

Akaitazama nembo. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo tu?"

"Unataka niseme nini? Nimetua."

Tukala kwenye bakuli moja. Tuliongea habari ndogo ndogo, jirani wa kupumua, mashine yangu inayokwama. Nikamuuliza rangi. Wauguzi wote wanataka kijani au nyeupe.

"Nyeupe nimeshiba," akasema. "Nataka ile ya ukuta wa jiko letu."

Alisema letu. Sikumsahihisha, wala hakujisahihisha. Jioni hiyo nilisimama jikoni na kadi zangu za rangi, nikizilinganisha na ukuta, moja baada ya nyingine, karibu na jiko ambako moshi umeuchafua na nyuma ya kabati ambako haukufika. Nilichagua ile ya nyuma ya kabati. Ilikuwa rangi ya mwaka tuliohamia.

Ofisi yake itakuwa wapi? Hilo kila nikiuliza alinipiga chenga. "Nitakuambia bango likiwa tayari." Nikaacha. Mteja ana haki zake.

Nikampelekea mchoro fundi wa mabango. Ni mtu wa maneno mengi, nguo zake zina rangi za kila duka la mji huu. Aliushika mchoro mbali na uso, akakunja jicho.

"Hii ni nini, Penseli? Msumari na kitunguu?"

"Mtu ametua mzigo."

Akainamisha kichwa upande. "Haya, nimeshamwona. Maskini, ametoka mbali." Akaubandika ukutani kwake. "Bibi mwenyewe ameshanipigia. Anataka lipandishwe Jumamosi."

"Amekuambia wapi?"

"Kanielekeza vizuri sana. Nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba yenye geti la bluu. Kasema nisigonge mlango wa mbele. Nizunguke upande wenye tangi la maji, kuna mlango mdogo wa pembeni. Bango likae juu ya mlango huo."

Nikashika meza yake. Vidole vikaingia kwenye rangi mbichi.

"Unapajua?" akauliza.

"Napajua."

"Maana ngazi yangu fupi."

"Itatosha. Ukuta wake si mrefu."

Geti lile la bluu nililipaka mimi. Tangi nalijaza mimi kila asubuhi. Fundi alikuwa amenielekeza nyumbani kwangu.

Njia nzima nilikwenda nikijenga na kubomoa. Anarudi. Kwa nini basi asiseme? Harudi, anataka nyumba, mimi nitoke. Kwa nini basi tule bakuli moja? Nilipofika karibu na kituo cha mafuta nilikuwa nimeshahama na kurudi mara chungu nzima. Kisha nikaukumbuka ule mlango wenyewe, na nikapunguza mwendo.

Mlango wa pembeni unaingia chumba kimoja tu. Chumba hicho kinapata jua la asubuhi, ndiyo sababu tulikichagua kiwe cha mtoto. Tuliporudi kutoka hospitali na lile begi, mke wangu aliingia humo peke yake. Mlango wa ndani akautia komeo upande wa chumbani. Akatokea mlango wa pembeni, akaufunga kwa ufunguo, ufunguo akautia mkobani. Hatukuwahi kuingia tena. Tulipita ukumbini kama watu wanaopita nyumba ya jirani aliyelala.

Nilimkuta amesimama pale pale, kando ya tangi. Miguuni kwake kulikuwa na mifuko ya kitambaa, mipya, mitupu, imekunjwa vizuri.

"Fundi amekuambia," akasema.

"Amenielekeza kwangu."

"Nilitaka nikuambie mwenyewe. Kila nikianza, naogopa utakubali haraka mno."

"Unarudi, au mimi natoka?"

"Hutoki."

"Kwa hiyo unarudi."

"Sijui, Penseli. Sitaki kukudanganya. Najua ninarudi kwenye chumba hiki. Nataka watu wangu waingie humu, wakae kwenye jua hili, watue. Mimi na wewe tuanzie hapo kwanza. Tukiweza kukaa ukuta kwa ukuta bila kuogopana, tutaona."

Nilitaka kusema maneno mengi. Nikasema, "Sawa."

"Lakini siwezi kuwaambia watu watue na mimi sijatua." Akaiokota mifuko, akaikumbatia. "Nimejiandaa muda mrefu kwa siku ya leo. Vitu vyake vyote vimo humu kama nilivyoviacha. Zile nguo nilizoshona. Kofia ya njano. Kitanda. Nataka tuvitoe mimi na wewe, kimoja kimoja, tukiviangalia. Hata ikichukua siku nzima. Nilikuwa siwezi kwa sababu sikuujua uso wa kuvivalisha. Sasa umenipa uso."

Akafungua mkoba. Ndani, kati ya kurasa za gazeti, niliona ukingo wa karatasi yangu. Akatoa ufunguo, una uzi mwekundu aliofunga yeye.

Nilipouona uzi ule nikarudi hatua moja nyuma.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikuliandika wiki zilizopita. Sikulificha, nilishindwa tu kulishika. Muda mfupi baada ya mke wangu kuhama, shemeji alikuja nyumbani na pikapu na wabebaji wawili. Mkononi alikuwa na ufunguo huo huo, uzi mwekundu huo huo.

"Dada amesema vitu vya mtoto vitolewe," aliniambia. Hakunitazama usoni.

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Amesema, shemeji. Usinifanye nirudie."

Ningeuliza nini tena? Ufunguo ulikuwa haujawahi kutoka mkobani mwa mke wangu. Kama umetoka, ni yeye ameutoa. Nilikwenda kusimama barabarani, nikawapa mgongo, mpaka pikapu ilipoondoka. Kupitia pembe ya jicho niliona miguu ya kitanda imeelekea juu. Siku hiyo ndipo nilipoamini kwamba mke wangu ametumaliza, mimi na mtoto pamoja. Sikumlaumu. Niliufunga moyo wangu nikaendelea kunoa penseli. Na hicho ndicho kilichokuwa kimenikaa kooni kila shemeji alipopiga simu. Nilitaka kumuuliza vitu vile alivipeleka wapi.

Na sasa mke wangu amesimama mbele yangu na mifuko mitupu.

"Shemeji," nikasema. "Shemeji hajakuambia kitu?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu chumba."

"Nimwambie nini, naye aniambie nini? Hakuna anayejua isipokuwa wewe. Huu ufunguo haujaniacha hata siku moja, nalala na mkoba kichwani." Nikakumbuka kwamba analala nyumba moja na shemeji. Akaufikisha kwenye tundu la kitasa. Akashusha pumzi taratibu, moja, nyingine, kama anavyowafundisha watu wake. "Nakuomba usiseme kitu mpaka tuwe ndani. Ukisema, nitaacha."

"Mke wangu."

"Nimekuomba."

Ufunguo ukazunguka. Kitasa kililia, cha siku nyingi. Nikanyoosha mkono, nikauweka juu ya mkono wake nimzuie.

Akadhani tunafungua pamoja. Akanishukuru kwa macho, akasukuma.